Mlezi wa Mlezi: Tunadaiwa Nini na Vifaranga Wenye Mama?

Waswahili husema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Shuleni tulifundishwa maana yake ya ndani: mtu mwenye wanaomtegemea ahurumiwe, kwa kuwa ukimdhuru yeye umewadhuru wengi. Katika insha hii nataka kuanza na maana yake ya nje, ile ya watu waliokuwa na kuku uani na nafaka kwenye jamvi. Kuku amevamia nafaka. Mwenye nafaka ameokota jiwe, akaona vifaranga, akasita. Methali inaishia hapo. Inatukataza kudhuru, lakini haisemi tufanye nini baada ya kuliweka jiwe chini. Je, kuna jambo jingine tunalodaiwa na kuku yule na watoto wake?

Swali hili laweza kuonekana dogo mno kwa insha ya maadili. Nadhani si dogo. Tunapojadili wajibu wa kulea, aghalabu tunamfikiria yatima: kiumbe asiye na mtu, ambaye sisi tukimwacha atakufa. Kwa yatima jibu ni rahisi kulitaja, hata kama ni gumu kulitenda. Lakini wengi wa viumbe dhaifu tunaokutana nao si yatima. Wana mama, ila mama mwenyewe ni mnyonge, au hana chakula, au ana hofu. Hapo mtu wa tatu, mwenye uwezo na nia njema, afanye nini? Amchukue mtoto amlee vizuri zaidi? Au akae kando na kuyaachia maumbile yafanye kazi yake?

Msimamo nitakaoutetea ni kwamba majibu yote mawili yana kasoro. Katika hali hiyo wajibu wetu wa kwanza hauelekei kwa mtoto moja kwa moja. Unaelekea kwa yule anayemlea. Nitauita wajibu wa kuwa mlezi wa mlezi. Nitaueleza kwa kuku wa Chula, nitaupima kwa bata bukini wa mwanasayansi mmoja wa Austria, nitajibu pingamizi tatu, kisha nitauliza kama unawafaa watoto wa watu.

Kuku wa Chula

Chula ni kimoja kati ya Visiwa vya Bajuni, vinavyofuatana kutoka upande wa Kismayu kuelekea kusini, hadi karibu na Ras Kiamboni mpakani mwa Somalia na Kenya. Ni nchi ya matumbawe, watu wake ni wavuvi, na maji matamu ni ya taabu. Bata bukini, ambaye jina lake limebeba jina la kale la Madagaska, si ndege wa huko. Ndege wa uani ni kuku. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Chula, akaolewa Chula, na akaondoka kwa mashua pamoja na wanawe baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Ufugaji wake nimeuona Mombasa, lakini kila alipoulizwa alijibu kwamba ndivyo walivyofanya kwao.

Ufugaji wenyewe ulikuwa hivi. Kuku akiatamia, Bibi alihesabu siku 21 na hakumsumbua. Vifaranga wakitoka, hakuwa na haraka ya kuwalisha, kwa sababu kifaranga huanguliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni mwake, na akiba hiyo humfikisha siku ya pili bila shida. Aliyelishwa kwanza ni mama, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akiondoka kiotani kwa dakika chache tu na sasa amebaki mifupa. Maji yaliwekwa katika kifuu cha nazi, na ndani ya kifuu zikatiwa changarawe, ili kifaranga akiteleza asizame. Chenga za mchele zilimwagwa mbele ya mama, si mbele ya watoto. Mama huzidonoa, huziachia zianguke, na huita kwa sauti fupi za haraka haraka. Ndipo watoto huja mbio. Kwa njia hiyo wanajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba hiki ni chakula na kwamba sauti hii inaaminika. Kwa siku za mwanzo wote walifunikwa kwa tenga mchana kwa ajili ya kunguru na mwewe, na magharibi waliingizwa bandani kwa ajili ya paka.

Sisi wajukuu tulikatazwa kuwashika. Bibi hakusema kwamba ni dhambi. Alisema kifaranga akishikwa hulia, na mama husikia. Siku moja binamu yangu alimwambia, "Bibi, nipe kifaranga mmoja awe wangu." Bibi akamjibu, "Mwenye kifaranga ni kuku, mwanangu. Mimi nina kuku."

Sentensi hiyo fupi ina falsafa nzima ndani yake. Kisheria vifaranga wote walikuwa mali ya Bibi. Angeweza kuwauza kesho yake. Hata hivyo alikiri kwamba kuna umiliki mwingine usiopitia sokoni, nao ni wa yule ambaye kilio cha mtoto kinamwita yeye. Kazi yote ya Bibi, yaani kifuu, chenga, tenga na banda, ilipitia kwa kuku. Vifaranga wake walikua bila kumjua vizuri, na hilo halikumsikitisha.

Hapa lugha yetu inatusaidia kutenganisha maneno matatu ambayo kwa kawaida tunayachanganya. Kuatamia ni kutoa joto la mwili wako kwa kiumbe asiyeweza bado kujitosheleza. Kulea ni kumwongoza kiumbe hadi aweze kukuacha. Kutunza ni kukilinda kitu kisiharibike, na mtu anaweza kutunza mashua, kitabu au shamba. Kuku anaatamia na kulea. Mfugaji anatunza. Matatizo ya kimaadili ninayotaka kuyazungumzia huanza pale mtunzaji anapodhani kwamba, kwa kuwa ana chakula kingi kuliko kuku, yeye ni mlezi bora kuliko kuku.

Mtu anaweza kusema kwamba ninamkweza kuku, kwamba anayoyafanya ni mazoea ya damu tu. Sihitaji kudai kwamba kuku anawaza. Inatosha kuonyesha kwamba jambo linalowapata vifaranga linampata na yeye. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walichapisha jaribio ambamo vifaranga walipulizwa hewa kidogo, bila kuumizwa, huku mama akitazama. Mapigo ya moyo wa mama yalipanda na akaongeza kuwaita watoto wake. Mkono unaomfikia kifaranga, basi, umemfikia na kuku. Bibi alilijua hilo bila kipimo cha moyo.

Wala si mawazo ya juzi. Katika hadithi iliyomo kwenye mkusanyiko wa Abu Daud, masahaba waliokuwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege mdogo, na mama yao akaja akipigapiga mabawa. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege yule kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Ninachokiangalia katika kisa hicho ni aina ya amri. Masahaba hawakuambiwa wawatunze makinda vizuri. Waliambiwa wawarudishe kwa mama yao.

Bata bukini wa Lorenz

Je, mambo yangekuwaje kama Bibi angejifanya kuku? Jaribio hilo lilikwisha kufanywa, ingawa si Chula na si kwa kuku.

Konrad Lorenz, aliyezaliwa Austria mwaka 1903 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen, alitumia miaka mingi akiishi na bata bukini wa kijivu. Aliyagawa mayai mafungu mawili: moja liliatamiwa na mama, jingine likatiwa katika mashine ya kutotolesha. Vifaranga waliotoka chini ya mama walimfuata mama. Wale wa mashine, ambao kiumbe wa kwanza kumwona akitembea mbele yao alikuwa Lorenz, walimfuata Lorenz. Aliwachanganya wote chini ya sanduku moja, akalifunua, nao wakagawanyika tena: hawa kwa bata, hawa kwa mtu. Jambo la namna hiyo Mwingereza Douglas Spalding alikuwa amekwisha kulieleza kwa vifaranga wa kuku mwaka 1873, lakini ni Lorenz aliyelifanya lijulikane duniani.

Kisa kinachonihusu zaidi ni cha kifaranga mmoja ambaye Lorenz alimpa jina Martina. Lorenz alikusudia kwamba baada ya kumtazama akitoka yaini amrudishe chini ya bata bukini wa kufugwa, amlee. Alimtazama kwa muda, akamtia chini ya bata, akaanza kuondoka. Kifaranga akatoka chini ya mbawa zenye joto akamkimbilia Lorenz huku akilia. Alirudishwa, akatoka tena. Mwishowe Lorenz alikubali. Kuanzia hapo Martina alilala chumbani mwake, na usiku, mara kwa mara, alitoa sauti ndogo ya kuuliza, ambayo Lorenz aliifasiri kuwa ni kuuliza mwenzake yuko wapi. Ilimbidi aitikie kila mara. Asipoitikia, sauti ile iligeuka kilio.

Watu hukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha profesa anayefuatwa na bata. Mimi nakisoma kama kisa cha deni. Lorenz hakukusudia kuwa mama. Alikusudia kutazama tu. Lakini kifaranga hakujua tofauti kati ya mtazamaji na mzazi. Alijua nani alikuwapo na nani aliitikia. Mara tu nafasi ile ilipojazwa, wajibu wake wote ulikuja nayo, pamoja na wajibu wa saa nane za usiku. Namsifu Lorenz kwa jambo hili moja, kwamba alipojikuta amechukua nafasi ya mama, alichukua na usiku wake.

Kisa hiki kinanisaidia pia kujikinga na kosa moja. Sisemi kwamba mlezi wa haki ni mzazi wa damu tu. Kokote pwani watu humwekea kuku mayai ya bata, naye huyaatamia siku 28 badala ya 21, na vifaranga wakitoka huwalea kama wake, hata kama siku wanapoingia dimbwini yeye hubaki ukingoni akihangaika. Kuku huyo ni mama yao kwa kila maana inayojali. Uhusiano ninaoutetea unatokana na kuitikia, si na yai. Ndiyo maana nasema "mlezi" na si "mzazi". Shangazi, nyanya au jirani aliyeitika kilio cha mtoto kwa miaka mitatu yuko ndani ya hoja hii kama mama aliyemzaa.

Kutokana na mifano hii miwili napata kanuni tatu. Kwanza, pale kiumbe dhaifu alipo na mlezi, msaada upite kwa mlezi huyo. Pili, yale ambayo mlezi hawezi kuyafanya kabisa tuyafanye sisi, lakini kwa namna isiyovunja uhusiano wao. Tatu, tukilazimika kuchukua nafasi ya mlezi, tuichukue yote au tusiichukue.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza linasema kwamba maumbile ni makatili. Kuku huweza kumkanyaga mtoto wake. Kifaranga mnyonge akibaki nyuma, mama mwenye tisa wengine huendelea na safari. Na kuna adui ambaye mbawa hazimzuii: kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Je, tumheshimu mama hadi vifaranga wafe wote?

La. Kanuni ya pili ipo kwa ajili hii. Kuku hawezi kuchanja; mfugaji anaweza. Nchini Tanzania chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingine, hutolewa kwa tone moja la jicho, na ndege hurudi kwa wenzake dakika hiyo hiyo. Kuhusu kifaranga aliyebaki nyuma akapoa, Bibi alimtia ndani ya kanga karibu na jiko hadi akapata nguvu. Lakini hakumweka ndani hadi asubuhi. Giza lilipoingia alimchukua na kumpenyeza chini ya mama taratibu, kwa kuwa usiku kuku hakatai mtoto aliyepenyezwa, na kulipokucha alikuwa mmoja wao. Uokozi huo ulikuwa na mwisho uliopangwa tangu mwanzo. Nadhani tofauti kati ya kumwokoa mtoto na kumnyang'anya mama yake mara nyingi haiko katika kitendo cha kumchukua. Iko katika swali la kama tumepanga kumrudisha.

Pingamizi la pili ni la faida, na ndilo gumu zaidi kwa mtu maskini. Wataalamu wa ufugaji hutufundisha kwamba kuku akiachiwa vifaranga hukaa nao kwa wiki nyingi bila kutaga. Akinyang'anywa mapema, vifaranga wakalelewa katika kinengunengu chenye joto la chemli au jiko la mkaa, atarudi kutaga upesi, na mayai ya mwaka yataongezeka. Hoja hii si ya ulafi. Mayai hayo ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Siwezi kumwambia mama mwenye njaa kwamba furaha ya kuku inapita ada ya mwanawe. Ninachoweza kusema ni kwamba anayechagua kinengunengu ameingia katika kanuni ya tatu. Sasa yeye ndiye joto, yeye ndiye mwalimu wa chakula, yeye ndiye anayeamka usiku mkaa unapozimika. Kifaranga wa siku chache hawezi kulishikilia joto la mwili wake peke yake. Chini ya mama joto halizimiki, katika kinengunengu huzimika. Wanaoanza ufugaji huu kwa tamaa ya hesabu tu, bila kuhesabu usiku, huwakuta vifaranga wamelundikana pembeni asubuhi, wa chini wamekwisha kufa. Hesabu ya faida iliyomwacha mama nje ilisahau kwamba kazi yake ilikuwa na thamani, kwa sababu haikuwahi kulipiwa.

Pingamizi la tatu linasema kwamba yote haya ni unafiki, kwani mwisho wa kuku ni chunguni. Unamhurumiaje mama utakayemla? Immanuel Kant angejibu kwamba kwa kweli hatuna wajibu wowote kwa mnyama mwenyewe. Tunamtendea wema ili mioyo yetu isizoee ukatili, tukaja kuwatendea watu hivyo. Jibu hilo lina ukweli, lakini halinitoshi, kwa sababu linamfanya kuku kuwa daftari la mazoezi ya huruma. Naona kinyume chake: tunadaiwa na kuku hasa kwa kuwa tunamla. Tumemtoa porini, tumemzoesha banda, tumemfanya ategemee mkono wetu, na tunachukua mayai yake na nyama yake. Anayechukua kingi hivyo ana deni kubwa zaidi kuliko mpita njia asiyekula kuku. Na watu wa kwetu hawakuwa vipofu wa jambo hili: kuku mwenye vifaranga wadogo hachinjwi hata mgeni akija ghafla. Huchinjwa jogoo. Kisu kina haki yake na wakati wake, na wakati wa kulea si wake.

Watoto wa watu

Nimefika mahali ambapo insha hii inanihusu mimi mwenyewe. Mtoto wa mtu si kifaranga. Ana ulimi, ana jina, na siku moja atatuuliza kwa nini. Ninayemlinganisha si mtoto na kifaranga. Ninamlinganisha mtu wa tatu na mfugaji, kwa kuwa majaribu yao yanafanana.

Bibi alipofika Mombasa miaka ile ya 1990 aliishi kambini na wanawe wanne, mumewe akiwa amebaki nyuma. Alisimulia juu ya watu wema wa aina mbili waliofika kambini. Wa kwanza walimpa unga, mafuta na sufuria, akapika, wanawe wakala mikononi mwake. Wa pili walikuwa na nyumba ya watoto bara, yenye vitanda na shule, wakaomba kumchukua mwanawe mdogo wa kike. Walisema kweli: kule angelala kitandani na kusoma. Bibi alikataa. Mtoto yule ndiye mama yangu.

Mama yangu hakumaliza shule ya msingi. Siwezi kuandika insha hii kana kwamba gharama hiyo haikuwapo. Yeye mwenyewe, nikimuuliza, siku nyingine husema Bibi alifanya sawa, na siku nyingine hunyamaza. Kama kanuni ya mlezi wa mlezi ingesema tu kwamba mama abaki na mtoto na basi, ingekuwa kanuni ya kuwaacha maskini katika umaskini wao huku tukiusifu upendo wao.

Lakini hiyo siyo kanuni. Kanuni inasema msaada upite kwa mlezi. Swali ambalo sijapata kulisikia likiulizwa katika kisa hicho ni kwa nini Bibi aliwekewa mezani vitu viwili tu, shule au mwana. Fedha ya kitanda, chakula na karo ya bara ilikuwapo. Ilikuwa imekwisha kutengwa kwa ajili ya mtoto huyo. Kilichokosekana ni wazo kwamba ingeweza kuwekwa katika mkono wa mama yake. Mkono wa mwanamke mkimbizi haukuaminika, kama vile kuku asivyoaminika na anayedhani kwamba wingi wa chakula ndio ulezi.

Wazo hilo sasa linaanza kuingia katika sheria. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake, bali uwe ishara kwamba familia inahitaji kusaidiwa. Kenya imepitisha Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na kuanzisha mkakati wa mageuzi ya malezi wa mwaka 2022 hadi 2032, unaolenga kuwatoa watoto katika nyumba za malezi na kuwarudisha katika familia na jamii. Wengi wa watoto walio katika nyumba hizo, hapa kwetu na kwingineko, wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Hawakupelekwa kule kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuitika kilio chao. Walipelekwa kwa sababu aliyeitika hakuwa na unga.

Kanuni ya tatu nayo ina neno la kusema hapa. Katika baadhi ya nyumba hizo hufika vijana wa kujitolea kutoka nchi za mbali, hukaa wiki mbili, hubeba watoto, hupigwa picha, huondoka. Nia yao ni njema. Lakini mtoto, kama Martina, hajui tofauti kati ya mgeni na mlezi. Anajua nani alikuwapo na nani aliitikia. Kisha usiku wa wiki ya tatu anauliza, na hakuna jibu. Mwezi unaofuata anaanza tena na mwingine. Lorenz aliona aibu kumwacha bata mmoja alie usiku. Sisi tumejenga utaratibu mzima wa kuwaacha watoto, mmoja mmoja, kwa zamu.

Mwanafalsafa Nel Noddings, katika kitabu chake *Caring* cha mwaka 1984, aliona kwamba ujali hukamilika pale anayejaliwa anapoupokea na kuujibu. Kuhusu mama na mtoto naamini amesema kweli. Lakini mlezi wa mlezi hawezi kungojea jibu hilo, kwa sababu jibu la mtoto haliji kwake. Kifaranga aliyeshiba chenga za Bibi alikwenda kulala chini ya kuku. Mtoto aliyesomeshwa kwa fedha iliyopitia mkononi mwa mama atamshukuru mama. Hapo ndipo nia yetu inapopimwa: je, tulitaka mtoto awe salama, au tulitaka atukimbilie sisi?

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba methali ya kuku na jiwe inadai zaidi ya kutotupa jiwe. Inadai kifuu cha maji, chenga za mchele, tenga dhidi ya mwewe, chanjo ambayo mbawa haziwezi kuitoa, na baada ya hapo inadai mkono urudi nyuma. Kukaa kando tu ni uvivu uliovaa kanzu ya heshima, na kumchukua mtoto wa mwenye mama ni pupa iliyovaa kanzu ya huruma. Kati ya hayo mawili kuna kazi, na si kazi ya kupigiwa makofi.

Wengi wetu tunaosoma hapa tutakuwa walimu, maofisa wa ustawi wa jamii, wafanyakazi wa mashirika, au majirani wenye mshahara. Tutaletewa mtoto aliyechakaa, na mkono wetu utataka kumnyanyua. Pendekezo langu ni kwamba kabla ya kuuliza mtoto huyu anahitaji nini, tuulize kwanza maswali mawili: giza likiingia, huyu humkimbilia nani? Na huyo anayekimbiliwa, amepungukiwa na nini?